Mchezo Ndani ya Programu: Mshindi Ni Nani?

Wanafunzi wengi wa Senior Six wakiulizwa siku hizi watasoma nini wakifika chuo kikuu, hujibu kwamba watasoma uhandisi wa programu, yaani kazi ya kutunga maagizo yanayofuatwa na kompyuta na simu. Jibu hilo ni jema, wala sina haja ya kulipinga, kwani mimi pia nilitoka katika shule hii nikaenda kuisoma kazi hiyo, na ndiyo inayonilisha. Lakini ukizidi kuwauliza wanataka kutunga programu za namna gani, wengi husema, "Programu zenye mchezo." Hawakusudii michezo ya kupitishia wakati tu. Wanataka kuchukua kazi au masomo na kutia ndani yake mambo ya mchezo, kama alama, nyota, ngazi za kupanda, orodha ya washindi na zawadi, ili mtu aifanye kazi ile kwa furaha.

Nataka kutoa rai yangu juu ya jambo hili. Mchezo ndani ya programu ni kitu chema iwapo yule anayeucheza ndiye anayepata faida. Ni mtego iwapo faida yote humwendea aliyeutunga. Kijana anayetaka kuishika kazi hii hana budi kujifunza kuyatofautisha mambo hayo mawili kabla hajaandika hata mstari mmoja; na mahali pazuri pa kujifunzia tunapo hapa hapa mjini, napo ni Kikuubo.

Msomaji asiyekaa Kampala na ajue kwamba Kikuubo ni mtaa wa maduka ya jumla, chini mjini, karibu na Old Taxi Park. Kwa Kiganda jina hilo ni la njia nyembamba ya kupenya, na anayepita pale saa nne ya asubuhi hahitaji kufasiriwa. Wachukuzi hupita na katoni vichwani wakipiga kelele watu wapishe njia. Sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia na vyombo vya plastiki hununuliwa hapo kwa jumla, kisha huenda kuuzwa rejareja katika miji na vijiji vya Uganda, na mali nyingine huvuka mipaka kwenda Sudani Kusini na Kongo. Kwa sababu hiyo Kiswahili husikika katika maduka yale pamoja na Kiganda.

Sasa tuseme mwanafunzi amepewa kazi ya kumtungia mwenye duka la Kikuubo programu ya kuandikia mauzo. Haja ipo, maana wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka ana fedha taslimu mkononi, ana fedha zinazoingia kwa simu, na ana mali kauli, yaani mali aliyompa mteja kwa imani ili alipe baadaye. Vitu vitatu hivyo visipoandikwa vema, jioni hajui kama amepata faida au hasara. Mwanafunzi wetu anafikiri, kisha anasema: "Karani wa duka ni mvivu wa kuandika. Nitampa nyota moja kila aandikapo mauzo. Akifikisha nyota 100 atapanda ngazi." Wenzake darasani wanampongeza, na mwalimu anampa alama nzuri.

Lakini tazama litakalotokea dukani. Karani ameuza katoni kumi za sabuni kwa mteja mmoja. Akiandika mara moja atapata nyota moja. Akiandika mara kumi, katoni moja moja, atapata nyota kumi. Je, utamlaumu akichagua kuandika mara kumi? Mwisho wa mwezi daftari limejaa mauzo mengi madogo madogo, mwenye duka hawezi kujua nani alinunua kwa jumla na nani alinunua moja, na karani ni bingwa wa nyota. Mchezo umefundisha watu kuliharibu daftari lililokusudiwa kutengenezwa. Hapa pana somo la kwanza: watu hukifanya kile kinachohesabiwa, wala si kile ulichokitamani moyoni. Kwa hiyo mtunzi wa mchezo na afikiri sana juu ya kitu atakachokihesabu.

Labda mwanafunzi atasema, "Basi nitatoa nyota jioni, ikiwa fedha zilizomo sandukuni zinalingana na daftari." Hilo ni afadhali, walakini bado halijatosha. Siku fedha zikipungua, karani atashawishika kuficha upungufu ili asikose nyota yake. Afadhali zaidi apewe sifa kwa kusema kweli mapema, hata kama kweli yenyewe ni mbaya, kwa kuwa mwenye duka aliyejulishwa upungufu leo jioni anaweza kuutafuta, na aliyefichwa mpaka mwisho wa mwaka hawezi. Unaona sasa jinsi jambo dogo la nyota lilivyotufikisha katika swali la uaminifu. Mtu asiyejua kazi ya duka hawezi kulijibu swali hilo kwa kukaa mbele ya kompyuta peke yake.

Tuchukue mfano wa pili, nao ni orodha ya washindi. Vijana hupenda sana jambo hili, kwa sababu shuleni tumezoea kubandikiwa majina ukutani kwa kufuata alama. Lakini ni mfanyabiashara gani wa Kikuubo anayetaka jirani yake, ambaye duka lake liko hatua tatu kutoka lake, ajue ameuza kiasi gani wiki hii? Tena ni nani anayetaka madeni yake yajulikane? Siri ya hesabu ni sehemu ya mtaji. Ukitaka kumpa mtu huyu furaha ya kushindana, mshindanishe na nafsi yake: mwezi huu na mwezi uliopita, msimu huu wa sikukuu na ule wa mwaka jana.

Mfano wa tatu ni mfululizo wa siku. Programu ya Duolingo, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2012, na ambayo tangu 2017 inafundisha Kiswahili kwa wasemao Kiingereza, inajulikana sana kwa jambo hili. Mtu husoma kidogo kila siku, na programu humhesabia siku alizofuatanisha bila kukosa. Kwa mwanafunzi wa lugha si neno baya, maana haba na haba hujaza kibaba. Lakini ukiuhamisha mchezo huo Kikuubo kama ulivyo, utamwadhibu Mkristo aliyefunga duka siku ya Jumapili, na Mwislamu aliyekwenda sala ya Ijumaa akakawia, na kila mtu aliyekwenda kijijini kuzika. Programu inayomwonea mtu kwa kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa jamaa zake haijatungwa na mtu mwenye adabu.

Yote hayo yanaonyesha kwamba mwenye kutunga ni lazima aanze kwa kuuliza. Na tusidhani kwamba kosa la kutokuuliza ni dogo. Tangu mwaka 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda imewataka wafanyabiashara walioandikishwa kwa kodi ya VAT watoe risiti kwa mfumo wa kompyuta uitwao EFRIS, ambao hupeleka habari za kila mauzo kwa Mamlaka na kuipa risiti namba yake. Mwezi wa Aprili 2024 wafanyabiashara wengi wa katikati ya Kampala, wakiwamo wa Kikuubo, walifunga maduka yao. Walikuwa na malalamiko kadhaa juu ya kodi, lakini mfumo huo na adhabu zake ndio uliotajwa mbele ya mengine. Serikali ilikuwa na hoja yake, kwani nchi haijengwi bila kodi, na barabara anazopitia mfanyabiashara hazikuota kama majani. Wenye maduka nao walikuwa na hoja yao, kwamba chombo kimekuja na adhabu kubwa kabla hawajakielewa vema. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Nataka tu mwanafunzi aone kwamba programu inaweza kufunga mtaa mzima, hata kama imeandikwa vizuri na mafundi wenye shahada.

Je, mchezo ungeweza kusaidia katika jambo kama hilo? Nadhani ungeweza kidogo, nasi tunayo mifano ya kutazama. Huko Taiwan, tangu mwaka 1951, risiti za dukani zina namba za bahati nasibu. Mnunuzi anayedai risiti yake huenda akashinda zawadi, na kwa hiyo kila mnunuzi amekuwa msaidizi wa mtoza kodi bila kulazimishwa. Jirani zetu wa Rwanda nao walianza mwaka 2024 kumrudishia mnunuzi wa mwisho sehemu ya kumi ya kodi ya VAT aliyolipa, mradi aombe risiti ya mashine. Angalia vema tabia ya michezo hiyo. Mnunuzi hatoi hata senti moja zaidi ya bei ya kitu alichokuja kununua. Akishinda amepata, asiposhinda hakupoteza kitu. Mchezo wa namna hiyo naweza kuutetea mbele ya mtu yeyote.

Lakini upo mchezo mwingine, na hapa ndipo ninapotaka vijana wanisikilize. Programu za kamari zimo katika simu nyingi za Kampala. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na kila mmoja wetu anaweza kutazama kando yake akaona jinsi sheria hiyo inavyotiiwa. Mtu anayeshika ufundi wa kutia mchezo katika programu hukaribishwa na wenye kamari kwa mikono miwili, kwa sababu ufundi ni ule ule: rangi, sauti, ngazi, zawadi na hamu ya kujaribu mara moja tena. Mchukuzi aliyebeba mizigo Kikuubo tangu alfajiri huingia jioni katika simu yake na ujira wa siku, naye hutoka hana kitu. Yuko kijana mahali fulani, aliyesoma hesabu kwa bidii kama ninyi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mchukuzi yule anabonyeza mara moja tena.

Elimu ya mambo haya si ngeni. Mtaalamu wa Marekani B. F. Skinner alifanya majaribio yake na njiwa miaka mingi kabla ya kuwapo simu za mkononi, na mwaka 1957 yeye na mwenzake Ferster walitoa kitabu kikubwa juu yake. Waliona kwamba njiwa apewaye punje kwa hesabu isiyotabirika, mara baada ya kudonoa kidogo, mara baada ya kudonoa sana, hudonoa kwa kasi bila kuchoka upesi. Mashine ya kamari imejengwa juu ya msingi huo huo. Kwa hiyo asije mtu akasema, "Mimi natunga tu, mchezaji ana hiari yake." Anayejua siri ya punje, akamficha njiwa, hawezi kusema kwamba njiwa ana hiari.

Linganisha hayo na mchezo wa omweso tuliourithi kwa wazee wetu. Ubao una mashimo 32 na kete 64, sawa na bao la watu wa pwani. Hakuna kete iliyofichwa, wala hakuna bahati. Kila kitu ki wazi mbele ya wachezaji wawili, na watazamaji wanaweza kuhesabu pia. Kete zilizotekwa hazitupwi nje, hubadili upande tu, na mtu anaweza kuwa karibu kushindwa kisha akageuza mambo kwa akili yake. Anayeshindwa leo huondoka amejifunza jambo. Natamani kila mwanafunzi wa uhandisi wa programu aucheze omweso mpaka auelewe, kwa sababu ndani yake mna kanuni mbili zinazofaa kuandikwa juu ya meza yake: hesabu iwe wazi, na mchezaji azidi kuwa na akili kwa kucheza.

Pana hatari nyingine iliyo ndogo kuliko kamari, lakini inawahusu sana walimu na wanafunzi. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa habari za jaribio walilolifanya katika shule ya watoto wadogo. Watoto waliopenda kuchora waligawanywa. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Baadaye, wale waliochora kwa ajili ya cheti walitumia kama nusu tu ya muda waliotumia wenzao katika kuchora kwa hiari. Zawadi ilikuwa imekula mapenzi ya kazi. Basi anayetunga programu ya kufundishia hesabu au historia, na ajihadhari asije akawafundisha wanafunzi kupenda nyota na kuchukia somo.

Sitaki mtu afikiri kwamba nachukia jambo hili zima. Uko mchezo uitwao Foldit, uliotoka mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, ambao wachezaji hukunja umbo la protini kama mtu anayefumbua fumbo. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wachezaji hao, ambao wengi wao hawakuwa wataalamu, walipata kwa muda usiofika wiki tatu umbo la kimeng'enya cha virusi vya nyani, jambo lililowashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka kumi. Hapo furaha ya mchezo na faida ya kazi ni kitu kimoja. Mchezaji anafurahi kwa kuwa amefumbua, wala si kwa kuwa amepewa punje.

Sasa niseme neno juu ya masomo yenyewe. Jina la uhandisi wa programu lilipata nguvu mwaka 1968, katika mkutano uliofanywa Garmisch, Ujerumani, kwa sababu programu kubwa za siku zile zilichelewa, zilizidi gharama, na zilijaa makosa. Waliokutana walitaka kazi hii ifanywe kwa kipimo na ukaguzi, kama vile mhandisi anavyojenga daraja. Ndiyo maana anayeisoma kazi hii Makerere hukaa miaka 4, si miezi minne. Atasoma hesabu, atasoma namna ya kupanga habari, namna ya kujaribu programu kabla haijatoka, na namna ya kufanya kazi na wenzake. Anayedhani kwamba atakaa akichora nyota na vikombe vya washindi atasikitika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ninyi mlio katika madarasa ya chini, msiipuuze hesabu, wala msizipuuze lugha. Programu ya Kikuubo isiyosema Kiganda wala Kiswahili itakuwa mgeni dukani.

Mwisho nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanafunzi wa chama cha kompyuta hapa shuleni. Badala ya kutunga kila mwaka mchezo wa magari unaofanana na ule wa mwaka uliopita, tungeni daftari moja la duka, dogo, lenye kufanya kazi hata intaneti ikikatika. Kabla ya kutia mchezo wowote ndani yake, jibuni maswali manne: Tunahesabu nini? Mchezaji anaona hesabu yote, au tumemficha? Akiacha kwa wiki moja, atapoteza nini? Na mchezo ukiisha, mkononi mwa nani mna faida? Ikiwa jawabu la swali la mwisho linawaonea haya, futeni mwanze tena.

Ombi la pili ni kwa ninyi mliotutangulia katika shule hii, hasa mlio na maduka. Wakati wa likizo mkubalieni mwanafunzi mmoja au wawili wakae dukani kwenu wiki mbili. Msiwape mshahara, wapeni kiti na kazi ya kuandika. Waone mteja anavyoomba mali kauli, waone karani anavyochoka saa kumi jioni, waone jinsi hesabu inavyokataa kulingana. Vyuo vitawapa ufundi, lakini kumjua mtu anayetungiwa programu kutatoka kwenu. Nchi yetu itapata mafundi wa programu wengi, tuwatake tusiwatake. Iliyobaki ni kuamua watamfanyia kazi nani, na uamuzi huo hauanzi siku ya kupokea shahada. Huanza wakati kijana angali shuleni, anapojifunza kuuliza mshindi ni nani.

Mwanafunzi wa Zamani